Mfuko wa maji kwenye ubongo: je, unaweza kumbadilisha mtu tabia?

Baada ya kipindi chetu cha afya kuhusu ajali za bodaboda, tulipata ujumbe mrefu kutoka Chumbageni, hapa Tanga mjini. Aliyeutuma ni mke wa dereva wa bodaboda. Ametukubalia kuutumia kwa sharti kwamba tusimtaje yeye wala mume wake.

Anasema mume wake alianguka na pikipiki usiku wa mvua, akapoteza fahamu kwa dakika chache. Hospitali wakampiga picha ya CT scan. Damu haikuvuja ndani ya kichwa, fuvu halikupasuka. Lakini picha ilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta: mfuko mdogo wa maji pembeni mwa ubongo, upande wa kushoto. Wakaambiwa amezaliwa nao, si saratani, hauna shida, nendeni nyumbani.

"Ni miezi minne sasa," anaandika. "Mume wangu si yule. Halali. Hacheki. Anakaa barazani anaangalia barabara, mtoto akidondosha kikombe anafoka mpaka majirani wanatoka. Shemeji zangu wanasema ni ule mfuko, tuuze kiwanja tukamfanyie upasuaji Dar. Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Daktari alisema hauna shida. Sasa mimi nimsikilize nani?"

Hewani tulisoma ujumbe huu nusu tu, maana jibu lake haliingii kwenye dakika kumi. Tena tangu siku ile tumepata maswali yanayofanana na hilo kutoka Muheza, Pangani na Handeni. Kwa hiyo tumeamua kuliandika.

Tuanze na jibu lenyewe. Ndiyo, mfuko wa maji kwenye ubongo unaweza kubadili moyo, usingizi, hata akili ya mtu. Lakini mifuko mingi haifanyi hivyo. Na mtu akiwa na mfuko na huzuni kwa wakati mmoja, haina maana kwamba kimoja kimezaa kingine. Kabla ya kuuza kiwanja, kuna mambo ya kuuliza.

Mfuko huu ni kitu gani

Fikiria nazi. Nje kuna kifuu kigumu, ndani kuna nyama laini na maji. Kichwa chetu kimekaa karibu hivyo. Fuvu ni gumu, halitanuki kwa mtu mzima. Ubongo ni laini, na unaelea kwenye maji safi yanayotengenezwa humo humo ndani, karibu nusu lita kwa siku, yakizunguka na kunyonywa tena na damu. Ubongo pia umefunikwa na utando mwembamba kama wa buibui.

Wakati mwingine mtoto akiwa bado tumboni, utando huo hujigawa sehemu mbili na maji hukaa katikati. Ndiyo mfuko. Madaktari huita sisti ya araknoidi, na kwenye karatasi ya majibu ndiyo inayoandikwa mara nyingi zaidi. Si jipu, si uvimbe wa nyama, wala haisambai mwilini kama saratani. Nchini Marekani, madaktari walipopitia picha za vichwa vya watu wazima zaidi ya 48,000, waliikuta kwa mtu mmoja au wawili katika kila 100. Wengi wao walipigwa picha kwa sababu nyingine kabisa: ajali, maumivu ya kichwa, kiharusi.

Maana yake ni kwamba kwenye gulio lenye watu elfu moja, yawezekana kuna kumi au zaidi wenye mfuko kama huo, wanauza nyanya na kucheka na wateja, na hawatajua maisha yao yote. Mume wa dada yetu wa Chumbageni amejua kwa sababu alianguka.

Iko mifuko mingine. Upo unaokaa karibu na tezi ndogo iliyo katikati ya kichwa inayoitwa pineali, nao pia mara nyingi ni wa kuonekana tu kwenye picha. Upo unaoitwa koloidi, mdogo sana, lakini unakaa penye njia ya maji ya ubongo. Huo hauchezewi, tutauzungumza. Na upo unaoletwa na mdudu, ambao kwa Tanzania una habari ndefu kuliko yote.

Hapa tunataka kusema jambo kuhusu lile neno "hauna shida". Daktari anaposema hivyo, kwa kawaida anamaanisha si saratani na hauhitaji kisu leo. Hajasema kwamba mgonjwa hana huzuni. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili mara nyingi halikuulizwa, kwa sababu siku ya ajali kila mtu alikuwa anatafuta damu na mfupa uliovunjika.

Unapoleta shida, unaletaje

Cha kwanza ni nafasi. Fuvu halitanuki, hivyo kitu chochote kikikua ndani yake lazima kisukume kingine. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kupanga, kujizuia na kuona aibu. Ikisukumwa, mtu mpole anaweza kuwa mkali au asijali kitu, akaacha hata kuoga. Sehemu ya pembeni, karibu na sikio, inahusika na kumbukumbu, hofu na lugha. Ndipo mifuko mingi ya kuzaliwa nayo inapokaa. Lakini ubongo uliokua pamoja na mfuko tangu utotoni hujipanga kuuzunguka, kama mti uliokua kando ya jiwe. Ndiyo sababu mfuko mkubwa kama limao unaweza kukutwa kwa mwalimu au fundi ambaye hana tatizo lolote.

Cha pili ni njia ya maji. Mfuko ukiziba njia, maji yanajaa nyuma yake na shinikizo linapanda. Mtu huumwa kichwa, hasa alfajiri, hutapika, huona mawili mawili, huzubaa, husahau, hutembea kama mlevi. Mfuko wa koloidi unaweza kufanya hivyo ghafla, na umewahi kuua. Huu ni wa kukimbiza hospitali usiku huo huo.

Cha tatu ni kifafa. Mfuko ukiwasha sehemu ya ubongo, mtu anaweza kupata degedege la mwili mzima, au lile lisiloonekana na wengi: anakodoa macho, anatafuna hewa, anahisi hofu ya ghafla au harufu isiyokuwepo, halafu hakumbuki. Watu husema amepandisha. Na mtu mwenye kifafa, hata kisichotokana na mfuko, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata sonona.

Cha nne kinasahaulika: ni habari yenyewe. Mwambie mtu ana kitu kwenye ubongo, halafu mrudishe nyumbani bila maelezo. Atalala vipi? Kila kichwa kikimgonga atadhani mfuko umepasuka.

Sasa, utafiti unasemaje juu ya mfuko wa kuzaliwa nao na huzuni? Mjini Gothenburg, Sweden, watafiti walichukua wazee zaidi ya 1,200 wa kawaida, si wagonjwa waliokuja hospitali, wakawapiga picha na kuwauliza juu ya afya zao. Wenye mfuko walikuwa zaidi kidogo ya wawili katika kila 100. Wakawalinganisha na wasio nao. Sonona haikuwa nyingi zaidi kwa wenye mfuko. Kifafa vilevile, na maumivu ya kichwa vilevile.

Upande wa pili wapo madaktari wa upasuaji wa Bergen, Norway, ambao kwa miaka mingi wameandika kuwa baadhi ya wagonjwa wao wenye mfuko mkubwa pembeni mwa ubongo walikuwa na shida ya kumbukumbu na umakini, na walipotolewa maji wakapata nafuu. Kuna madaktari wengine wanaosita, wakisema waliofanyiwa upasuaji ni wale waliokuja wakiwa tayari wanalalamika, na kisu chenyewe kina hatari zake: damu kuvuja, maji kurudi, vijidudu kuingia.

Sisi tunavyosoma, pande hizi mbili hazigombani sana. Gothenburg wanasema kwa watu wa kawaida mfuko hauleti huzuni. Bergen wanasema kuna wachache, wenye mfuko mkubwa na dalili zinazoeleweka, ambao wananufaika. Mfuko mdogo wa mume wa Chumbageni, kwa maelezo tuliyopewa, uko karibu zaidi na wale wa Gothenburg. Lakini aliyeona picha ndiye wa kusema.

Mfuko wa mdudu, na kwa nini asiyekula nguruwe naye asikilize

Tanzania tunao mfuko mwingine ambao hakuna anayezaliwa nao. Unatokana na tegu wa nguruwe, na wenyewe unawagusa watu wa vijijini kuliko wa mjini.

Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vipunje vyeupe kama punje za mchele, anaweza kupata tegu tumboni. Tegu huyo mrefu hukaa kwenye utumbo na kumwaga mayai kupitia kinyesi. Mtu huyo anaweza asijisikie chochote. Akijisaidia porini, nguruwe anayezurura akala, mayai yanaingia kwenye nyama yake na mzunguko unaanza upya. Lakini mayai hayo hayo yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mkono usionawishwa, kwa mboga mbichi au kwa maji machafu, vijitoto vya tegu hutoboa utumbo, hupita kwenye damu na kutua kwenye misuli, macho na ubongo. Kila kimoja hujijengea kifuko cha maji, mara nyingi kisichozidi punje ya mahindi.

Soma tena hapo. Anayekula kitimoto kibichi hupata tegu tumboni. Anayekula mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu ndiye anayepata vifuko kichwani. Hao si lazima wawe mtu mmoja. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari ya wagonjwa wanne wa New York waliokuwa na vifuko hivi kwenye ubongo. Wote walikuwa Wayahudi washika dini, ambao nguruwe kwao ni haramu kama ilivyo kwa Waislamu. Uchunguzi ulifuata wafanyakazi wa jikoni na nyumbani, na mmoja wao akakutwa na tegu bila mwenyewe kujua. Hakuna aliyekula nguruwe katika nyumba zile. Mikono tu.

Kwa hiyo msikilizaji wa Pangani au Mkinga anayetuambia "sisi hayo hayatuhusu" tunamwomba asiwe na haraka. Mayai ya tegu hayaulizi dini ya mtu.

Hapa nchini sehemu iliyochunguzwa sana ni Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walichapisha matokeo ya kukagua ndimi za nguruwe wilayani humo: karibu 17 katika kila 100 walikuwa na vipunje. Miaka mitano baadaye daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler na wenzake wa hospitali ya Haydom, huko huko Mbulu, walichapisha picha za CT za watu zaidi ya 200 wenye kifafa. Zaidi ya mmoja katika kila sita alikuwa na alama zinazoelekeza kwenye vifuko vya tegu. Wengi wa watu hawa vijijini walishaitwa waliorogwa, wengine hawali chungu kimoja na ndugu zao. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo yenye tegu huyu kwa wingi, karibu 30 katika kila wagonjwa 100 wa kifafa wanahusishwa naye.

Na moyo je? Mwaka 1997 madaktari wa akili wa Brazili walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 38 wenye vifuko hivi. Karibu theluthi mbili walikuwa na tatizo la akili la aina fulani. Zaidi ya nusu walikuwa na sonona. Wachache walisikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo. Ni kundi dogo, tena la watu waliokuwa tayari wakitibiwa kliniki, hivyo usichukue hesabu hiyo ukaibandika kwa kila mwenye kifuko. Lakini inatosha kuonyesha kwamba hapa uhusiano kati ya mfuko na moyo si wa kukisia tu. Sababu inaeleweka: kifuko kikiwa hai kinaweza kukaa miaka kimya, kikianza kufa mwili unakigundua, sehemu ile ya ubongo inavimba na kuwaka. Ndipo kifafa, kichwa na mabadiliko ya tabia huanza.

Hapo hapo kuna onyo, na hili tunaomba lisomwe kwa sauti kwa wazee wasioona vizuri. Dawa za kuua minyoo zinapatikana duka la dawa kwa bei ndogo. Mtu mzima aliyeanza kifafa ukubwani, au aliyeambiwa ana vifuko vya tegu kichwani, asijinunulie albendazo au prazikwanteli akatibu ubongo mwenyewe. Dawa ikiua vifuko vingi kwa pamoja, uvimbe unaweza kuleta degedege kali au kifo. Hospitali huanza na dawa ya kifafa, hutanguliza dawa ya kupunguza uvimbe, na wakati mwingine huamua kutoviua kabisa kwa sababu vimekwisha kufa na kukauka. Hatusemi mkatae dawa za kampeni shuleni au za matende na ngirimaji. Mwenye kifafa amweleze mtoa dawa kabla hajameza, basi.

Turudi barazani Chumbageni

Tukimsikiliza huyu mke vizuri, kuna jambo shemeji zake wamelipita. Mume wake alikuwa na mfuko tangu kuzaliwa, na kwa miaka yote hiyo alicheka, aliendesha, alioa. Kilichobadilika miezi minne iliyopita hakikuwa mfuko. Kilichobadilika ni kwamba aligonga kichwa mpaka akazimia.

Pigo la kichwani, hata lisiloonekana kwenye CT, linaweza kumwachia mtu usingizi mbovu, hasira za haraka, kuchoka, kushindwa kuvumilia kelele, kusahau na huzuni. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wachache huendelea kwa miezi, hasa wakiwa na wasiwasi mwingine juu yake. Na yeye anao: pikipiki imeharibika, hesabu ya tajiri haisubiri, mke ndiye anayelisha nyumba kwa vitumbua, na amesikia ndugu zake wakisema auziwe kiwanja apasuliwe ubongo. Hata mtu mzima wa afya angekosa usingizi.

Yote hayo kwa pamoja yanaweza kuwa yamefika kwenye sonona. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku na huzuni au kutojali chochote, na juu yake usingizi umeharibika, hamu ya chakula imepungua, anajiona hana thamani, anashindwa kufanya maamuzi madogo, hiyo si uvivu wala kukosa imani. Kwa wanaume mara nyingi inatoka kama hasira. Tunadhani hili halisemwi vya kutosha, kwa sababu mwanamume akilia watu humhurumia, akifoka humkimbia.

Sonona inatibika, iwe mfuko upo au haupo. Kuna mazungumzo na mtaalamu, na kuna vidonge kama fluoksetini au amitriptilini. Havilevyi kama watu wanavyosema, lakini vinachukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha kazi, na wengi huviacha wiki ya kwanza wakisema havifai. Visiachwe ghafla. Kama mgonjwa anatumia dawa ya kifafa, daktari aambiwe jina lake, maana fenobabitoni, ambayo ndiyo ya bei nafuu na iko hata zahanati nyingi, yenyewe inaweza kumzubaisha mtu au kumtia huzuni. Kubadilisha dawa pekee kumewahi kumrudisha mtu.

Kuhusu mama mkwe. Hatuna ugomvi na dua, kombe wala maombi, na mzee anayemsomea mwanawe usiku anafanya alichonacho. Ugomvi wetu ni pale mgonjwa anapofungwa kamba, kuchanjwa, kufukizwa au kuachishwa dawa ya kifafa. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja, mradi cha hospitali kisisimamishwe.

Mkoa wa Tanga, kwa bahati, si mgeni wa matibabu ya akili. Juu ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, iko hospitali ya Lutindi. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Mpaka leo wapo, chini ya kanisa la Kilutheri, na wagonjwa hufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Lakini sonona ya kawaida haikuhitaji kupanda Lutindi. Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili Bombo. Mjini Tanga wengi wanadhani kitengo hicho ni cha wanaookota makopo. Sivyo.

Mambo ya kubeba ukirudi hospitali

Tulimwandikia dada yetu hivi. Beba picha ya CT yenyewe au CD yake, si karatasi ya majibu peke yake. Usiiache juani na usiikunje. Muulize daktari mfuko una ukubwa gani, uko wapi hasa, unasukuma chochote au umetulia, na kama ni wa kuzaliwa nao au wa mdudu. Muulize kama kuna haja ya kupiga picha tena baada ya miezi kadhaa kuona kama umekua. Kwa mtu mzima mfuko wa kuzaliwa nao mara nyingi haukui. Ukijulikana haukui, unaachwa. Picha ya CT siku hizi imesogezwa hadi hospitali za rufaa za mikoa. Ile ya MRI, inayoonyesha vizuri zaidi, bado ni ya hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC, na si kila mtu anaihitaji.

Halafu mweleze daktari yale mengine, ambayo mume mwenyewe pengine ataona haya kuyasema: halali, anafoka, haendi kijiweni, hataki chakula. Nenda naye chumbani. Anayekaa na mgonjwa huona zaidi ya mgonjwa.

Asisubiri tarehe ya kliniki kama kichwa kinazidi kila alfajiri na anatapika, kama macho yanapungua nuru, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, amepata degedege, anatembea akiyumba na mkojo unamtoka, au amebadilika tabia ghafla ndani ya siku chache. Na akisema bora afe, au akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, usimwache peke yake. Ondoa kamba na sumu za shambani, mpeleke siku hiyo. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunampa nafasi ya kusema.

Juzi dada alituandikia tena. Walikwenda wote wawili. Daktari alipima mfuko kwenye picha, akawaonyesha kwa kidole, akawaambia ni mdogo kuliko dole gumba na hausukumi kitu. Kisha akamuuliza mume maswali ya usingizi na moyo kwa karibu nusu saa. Akatoka na vidonge, tarehe ya kurudi baada ya wiki tatu, na ushauri wa kutogusa pombe. Njiani mume akamwambia mkewe kwamba miezi yote hiyo alikuwa analala ameinua kichwa kwa mito miwili, kwa sababu jamaa mmoja kijiweni alimwambia mfuko ukilala chini unapasuka.

Kiwanja hakijauzwa. Swali lake jipya ni lini mume anaweza kurudi barabarani. Hajapata degedege hata mara moja, na hilo ni zuri, maana aliyepata hapaswi kuendesha mpaka daktari amruhusu. Lakini kwa sasa bado anasinzia mchana, na vidonge vipya vinaweza kuongeza usingizi siku za mwanzo. Tumemjibu asubiri hiyo tarehe ya wiki tatu, akaulize huko, na siku akianza tena aanze mchana, kofia ngumu kichwani, kamba imefungwa.